Deni nililolifuta bila mdeni kujua

Swali la wiki lilikuwa: je, Mkristo anaweza kumsamehe mtu ambaye hajaomba msamaha?

Mimi nauza omena hapa Kibuye, Kisumu, kwa hivyo nitajibu kwa daftari. Tulikuwa wanawake 12 kwenye chama, kila mmoja akitoa shilingi 1,500 kwa mwezi. Zamu yangu ilipofika, mweka hazina akazima simu. Shilingi 18,000, na karo inaningoja. Miezi mitatu baadaye tulikaribiana njiani, akavuka barabara.

Wahubiri wakifika Mathayo 18 hutuambia yule mtumwa wa mfano wa Yesu alisamehewa na bwana wake deni la talanta 10,000, kisha akamkaba mwenzake koo kwa dinari 100, eti vijisenti. Vijisenti gani? Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya kuchomwa na jua! Yesu hakusema tunalodai ni dogo. Deni letu kwa Mungu ndilo halilipiki.

Na Biblia yetu ya Union inasema wazi: "Utusamehe deni zetu." Deni hufutwa na mwenye daftari, hata mdeni akiwa hayupo. Pale msalabani, katika Luka 23, Yesu aliwaombea msamaha watu waliokuwa wakipigia kura nguo zake. Kwa hivyo nasema ndiyo, inawezekana. Ila Luka huyohuyo, sura ya 17, anasema "akitubu msamehe", na sipendi kuuruka mstari kwa sababu unanisumbua. Nauelewa hivi: kufuta nafanya peke yangu, lakini kurudiana kunataka wawili, na mmoja wetu alikuwa ng'ambo ya barabara.

Jina lake nililikata usiku mmoja stima imepotea, kwa mwanga wa simu. Kalamu iligoma, nikaipumulia, ikaandika. Asubuhi hasira ikawa imerudi, nikalikata tena. Siku hizi nadhani ile saba mara sabini ya kusamehe aliyosema Yesu yaweza kuwa ya kosa moja tu.

Desemba yule mweka hazina alikuja kibandani. "Mama, nipimie gorogoro moja." Nikapima. Akalipa taslimu, akasimama akiangalia mikono yangu, nikamwongeza kiganja kimoja kama ninavyomwongeza mteja yeyote. Ya zile pesa hakutaja, nami sikuuliza. Sanduku la chama linakaa kwa mwingine.