Maswali ya Walimu: Kipindi Kianzeje, Kiisheje?

SWALI: Ninafundisha Kiswahili kidato cha kwanza. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 90 na kipindi ni cha dakika 40. Nikishaita majina, nikaandika mada ubaoni na kukumbusha ya wiki iliyopita, robo ya muda imekwisha na wengi wameanza kusinzia. Sina projekta, na vitabu havitoshi. Nianze vipi? – Mwalimu, Mukono

JIBU: Mwalimu, tuanze na hiyo rejesta, maana ndiyo inayokula muda wako kabla hujatamka neno la somo. Mwachie kiranja aweke alama za mahudhurio kimyakimya, nawe uzikague baadaye, huku wenzake wakifanya kazi uliyoiandika ubaoni mara tu ulipoingia. Kazi hiyo isizidi dakika tano, isihitaji maelezo marefu na, hili ndilo husahaulika, itokane na kiini cha somo la siku hiyo. Kitendawili kisichohusiana na mada huchangamsha darasa kwa muda mfupi, kisha mwalimu hulazimika kuanza upya kana kwamba hakikutegwa.

Katika mtaala wa sekondari ya chini wa Uganda ulioanza mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo mbele yako wamo wengi ambao hawakulichagua. Ukianza somo la ngeli kwa fasili, umewapoteza. Wanafunzi wako wengi wa Mukono wanajua Kiganda. Basi andika safu mbili ubaoni, upande mmoja omuntu, abantu, ekintu, ebintu, na upande wa pili mtu, watu, kitu, kisha uache pengo, na usiseme lolote. Kila mmoja ajaze pengo daftarini peke yake, halafu amweleze jirani yake wa benchi sababu ya jibu lake, na hapo ndipo uwaite wawili watatu waeleze mbele ya darasa. Utaratibu huu wa kuwaza, kujadiliana wawili wawili na kushirikisha wengine ulielezwa na Frank Lyman wa Marekani mwaka 1981, na kwa maoni yangu darasa kubwa ndilo linalouhitaji zaidi, kwa sababu nusu ya wanafunzi wako wanaweza kuzungumza kwa wakati mmoja pasipo kungoja zamu ya kunyosha mkono. Kelele zitakuwepo. Zivumilie, ila mkubaliane mapema juu ya ishara ya kunyamaza, kwa mfano makofi matatu.

Mfano huu usiupeleke Gulu. Kiacholi, lugha ya huko, si ya Kibantu na hakina ngeli za namna hiyo, kwa hiyo mwalimu wa huko ataweka mezani kikombe na vikombe, kijiko na vijiko, na kuwaacha wanafunzi wagundue kinachobadilika. Ndiyo sababu sishauri kunakili mianzo iliyo tayari kutoka vitabu vya mwongozo kabla ya kujiuliza wanafunzi walio mbele yako wanajua nini.

SWALI: Ninafundisha jiografia. Kengele hunikuta nikiimla muhtasari. Nikibahatika kupata dakika moja, huuliza, "Mmeelewa?" nao hujibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Mtihani ukija, hakuna kitu. – Mwalimu, Jinja

JIBU: "Ndiyo, mwalimu" ni adabu tu, na haipimi chochote. Hata wanaojibu kwa moyo mweupe wanaweza kujidanganya. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia na wenzao waliokisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wale waliojipima wakawa wamekumbuka mengi kuliko wao. Muhtasari unaousoma wewe mwishoni unafanana na kule kurudia: huwapa wanafunzi hisia ya kujua.

Kwa hiyo, unapoandaa andalio la somo, andika kwanza dakika saba za mwisho, na uhamishie kunakili katikati ya kipindi. Kazi ya nyumbani nayo itolewe kabla ya dakika hizo, kwani anayefunga mkoba hasikii nambari ya ukurasa. Tuseme umefundisha Mto Nile. Madaftari yafungwe, kila mmoja achore kwa kumbukumbu njia ya maji yanayoondoka hapo Jinja: Ziwa Kyoga, maporomoko ya Karuma, Ziwa Albert, Sudan Kusini, Khartoum ambako Nile ya Buluu inajiunga, Misri, hadi Bahari ya Mediterania. Usishangae ukiona michoro ambayo mto unatiririkia kusini, kwa kuwa aliyeichora anadhani kaskazini, iliyo juu ya ramani, ndiko mlimani. Kosa hilo lisingeonekana kamwe katika "Ndiyo, mwalimu", nalo linakupa mwanzo wa kipindi kijacho: chora michoro miwili ubaoni, uulize upi unawezekana na kwa nini.

Karatasi isikutishe. Kurasa 12 zilizotumika upande mmoja, kila moja ikikatwa vipande vinane, zinatoa vipande 96. Wala usivisahihishe, vigawe mafungu matatu, wanaojua, wanaoyumba na waliopotea, uangalie fungu lipi ni kubwa kabla ya kuandaa somo linalofuata.

SWALI: Watoto wangu wa darasa la tatu huanza na kumaliza kila kipindi kwa wimbo. Mwenzangu ananiambia ninapoteza muda. Niache? – Mwalimu, Mbale

JIBU: Usiache, ila uchague. Wimbo wa kuhesabu mbili mbili kabla ya somo la kuzidisha unafanya kazi, na wimbo wa kuwatuliza baada ya mapumziko pia. Kumalizia nao ndipo ninapokubaliana na mwenzako, kwa sababu watoto hutoka wakiimba na wewe hujui wamebaki na nini. Kabla ya kuwaruhusu kutoka, kila mtoto amwambie jirani jibu la swali moja ulilouliza, nawe upite katikati ya madawati ukisikiliza. Wimbo wa kuagana uweke kwa ajili ya Ijumaa alasiri.