Jibu: Hesabu za duka kuziweka kwenye wingu

Ndugu, umeuliza kama hesabu za duka zitakuwa salama "kwenye wingu". Wingu ni kompyuta za kampuni nyingine, unazitumia kupitia intaneti. Simu yangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji, jioni ileile nilifungua Google Drive, wingu la kampuni ya Google, kwenye simu ya mke wangu, nikakuta daftari lote la madeni. Nafasi ya GB 15 humo ni ya bure.

Lakini majengo yenye kompyuta hizo nayo huungua: Machi 2021 kituo cha kampuni ya wingu ya OVHcloud kiliteketea Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wasiokuwa na nakala kwingine walipoteza data. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilisuasua Tanzania nzima. Kwa hiyo kila Jumamosi nakili hesabu kwenye fleshi, na leo hii washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani akaunti idai nenosiri na pia uthibitisho wa pili, kama namba inayotumwa kwenye simu yako, ili aliyeiba nenosiri asiingie.