Seongnam FC: ubingwa 7, miji mitatu

Ndugu, umeuliza kwa nini orodha moja inaipa Seongnam, klabu ya soka ya Korea Kusini, ubingwa 4 wa ligi na nyingine 7. Sahihi ni 7. Anayepata 4 ameanza kuhesabu mwaka 2000, klabu ilipohamia Seongnam.

Ilianzishwa 1989 kwa jina la Ilhwa Chunma, makao yakiwa Seoul. Ikatwaa ligi 1993, 1994 na 1995, mara tatu mfululizo, kisha 1996 ikahamia Cheonan. Ikiwa Seongnam Ilhwa ikarudia yale yale: 2001, 2002, 2003, halafu 2006. Ni klabu ile ile, kwa hiyo jumlisha. Ila Cheonan City ya leo ni timu nyingine kabisa, usiichanganye.

Kombe la ligi na Kombe la FA (1999, 2011, 2014) vihesabu kando.

Kwa ubingwa wa klabu za Asia ina mataji 2: 1995 na 2010, ilipoifunga Zob Ahan ya Iran 3-1 mjini Tokyo. Shin Tae-yong alikuwa mchezaji katika lile la kwanza, kocha katika la pili. Heshima kubwa hiyo! Jiji la Seongnam liliichukua klabu 2014, na 2016 ikashuka daraja.