Baba mdogo aliuliza vikwazo vinauma wapi

Shikamoo, Baba mdogo.

Lile swali ulilotupa kwenye kundi la familia Ijumaa nimelisoma, na nimeona vijana walivyolijibu kwa vicheko. Uliuliza: Urusi, nchi inayosemwa kuwa imewekewa vikwazo kuliko zote duniani, mbona wewe unatutumia picha unakula kuku wa kukaanga? Na kama unashiba namna hiyo, mbona pesa ya mama yako siku hizi inakuja kwa kusuasua? Najua hukuuliza kwa ubaya. Leo ni Jumapili, gereji imefungwa, nje theluji imefika magotini. Acha nikujibu vizuri.

Nianze na pesa, maana najua ndiyo inayokukera.

Nilipokuja huku Urusi, hapa mjini Voronezh, mwaka 2018 kusoma uhandisi wa mitambo, marehemu baba alikuwa ananiwekea hela kwenye akaunti yangu ya huko nyumbani, mimi natoa ruble kwenye mashine kwa kadi yangu ileile. Asubuhi moja ya Machi 2022 nikaenda dukani kununua mkate, mayai na mchele. Mambo ya Ukraine yalikuwa yameanza Februari, na siku chache kabla ya asubuhi hiyo zile kampuni mbili kubwa za kadi za Marekani zilikuwa zimetangaza kujitoa Urusi. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa bibi mmoja wa Kirusi, na kadi yake ilikuwa na nembo sawasawa na ya kwangu. Akaigusisha, mashine ikalia, akabeba vitu vyake akaenda. Nikagusisha ya kwangu, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikarudisha mayai na mchele, mkate nikalipia kwa sarafu nilizookota mfukoni mwa koti.

Nilidhani kadi imeharibika. Kumbe tangu 2014, walipochukua Crimea, sehemu ya Ukraine, wakaonja vikwazo vya mwanzo, hawa jamaa walijenga mtambo wao wenyewe wa kupitishia malipo ya kadi ndani ya nchi. Kwa hiyo kadi iliyotolewa na benki ya hapa, hata iwe na nembo ya Mmarekani, iliendelea kufanya kazi ndani ya Urusi kama kawaida. Zilizokufa ni kadi za Warusi waliokuwa nje na kadi za wageni tuliokuwa ndani. Wale watalii wa Kirusi waliokuwa Nungwi wakati ule, na mimi, tulipigwa na fimbo moja. Yule bibi hata hakujua kuna kitu kimetokea.

Kampuni za kutuma pesa nazo zikafunga madirisha mwezi huohuo. Benki kadhaa kubwa zikatolewa kwenye SWIFT, ule mtandao ambao benki za dunia zinapelekeana maagizo ya malipo. Hata benki ambayo haikutolewa, ukijaribu kutuma kupitia huko, pesa inakaa wiki tatu kisha inarudi ikiwa imekatwa ada. Ofisa wa benki ya Ulaya au ya Dar akiona neno "Urusi" kwenye karatasi, haangalii kama ni dola mia mbili za mama mjane wa Tanga. Hataki matatizo na Wamarekani, basi anakataa.

Sasa tunafanya kama wazee wa pwani walivyofanya kabla hawajazijua benki. Kuna kijana wa Mwanza anasoma udaktari hapa. Baba yake anataka kumpa hela ya chakula, mimi nataka kumpa mama. Baba yake anamtumia mama shilingi kwa simu, mimi namrushia kijana ruble kwa namba yake ya simu. Hakuna hata senti iliyovuka mpaka, na kila mtu amepata chake. Tatizo ni kwamba shida zake na zangu haziji siku moja. Mwezi ambao mzee wa Mwanza hana kitu, mama naye anasubiri. Na Desemba ya mwaka juzi nilijitia ujanja, nikamtumia dalali mmoja ruble 30,000 kwanza. Akazima simu. Nilipigwa mchana kweupe. Huo ndio mwezi ulioniuliza, kwa upole wako, kama nimeanza pombe.

Turudi kwenye kuku. Lile duka la kwenye picha lilikuwa KFC, mgahawa wa Kimarekani. Wenyewe waliuza biashara yao ya hapa mwaka 2023, likabadilishwa jina likaitwa Rostic's. Kuku ni yuleyule, chumvi ileile, hata wasichana wa kaunta ni walewale. Mambo mengi yako hivyo hapa, na ndiyo maana anayekuja kutembea wiki mbili anarudi anasema vikwazo ni kelele za redio.

Mimi nilikuwepo mwanzoni. Ruble ilikuwa kama 75 kwa dola moja mwanzo wa mwaka 2022; tarehe 11 Machi bei rasmi ikavuka 120. Benki kuu ilikuwa imeshapandisha riba kutoka asilimia 9.5 hadi 20 kwa siku moja, na benki zikakatazwa kuwauzia watu dola taslimu. Sukari ikaadimika. Niliona watu wazima wakisukumana kwenye rafu, kina mama wanabeba mifuko mitano mitano, na maduka mengine yakaweka kiwango cha kilo kwa kila mtu. Nikamkumbuka mama anavyosimulia foleni za duka la serikali la RTC mwanzoni mwa miaka ya 80. Halafu vikaja vitu ambavyo hakuna aliyevitarajia. Karatasi nyeupe za kuchapia zilipotea, kwa sababu dawa ya kuzing'arisha ilikuwa inatoka nje. Maboksi ya juisi yakawa meupe karibu yote, wino wa rangi umekwisha. Dawa ya tezi la shingo, ambayo haimo kwenye vikwazo hata kidogo, ikakauka madukani kwa sababu watu waliogopa wakainunua yote.

Lakini kufikia mwisho wa Juni, dola ilikuwa imeshuka hadi kama ruble 52, yaani ruble ina nguvu kuliko kabla ya balaa. Walikuwa wanauza mafuta na gesi kwa bei ya juu, hawanunui kitu nje, na wauzaji wakubwa walilazimishwa kubadilisha dola zao. Sukari ikarudi. Hapo ndipo watu wa huku walipoanza kutamba, na watu wa huko nyumbani pia, nawaona kwenye mitandao.

Mimi nakueleza kutoka chini ya gari, maana ndipo ninapoishi. Zamani spea ya BMW ilikuwa inatoka Ujerumani kwa siku nne. Sasa inatoka Ujerumani hadi Istanbul, au Dubai, au Almaty, inabadilishwa makaratasi, kisha inaingia. Serikali ya hapa yenyewe iliruhusu mwaka 2022 bidhaa ziingizwe bila idhini ya mwenye nembo. Kwa hiyo spea ipo. Inakuja baada ya wiki sita, kwa bei mara mbili na nusu, na wakati mwingine ukiifungua ni ya kichina iliyovishwa boksi la Mjerumani. Juni 2022 kiwanda cha Lada kilitoa gari jipya kabisa lisilo na mifuko ya hewa wala ABS, zile breki zinazozuia tairi kujifunga, kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vinatoka nje. Gari jipya, Baba mdogo! Wewe uliyeendesha Scania bila breki za maana ungelipenda.

Ndiyo maana nasema vikwazo vinaifanya njia iwe ndefu, na kila kona ya hiyo njia kuna mtu amekaa anakata chake. Mturuki anakata, Mwarabu anakata, dereva wa mpakani anakata. Bosi wangu anaongeza juu yake, na mwalimu wa shule mwenye Volkswagen ya 2012 ndiye anayelipa yote. Matajiri waliotajwa kwenye orodha ya vikwazo, boti zao za anasa walizihamishia Dubai na Uturuki.

Hili hukulihitaji kutoka kwangu. Wewe ulinisimulia habari za Burundi nikiwa mtoto. Julai 1996 Buyoya alipindua serikali, na kabla wiki haijaisha marais wa kwetu wakakutana Arusha wakamfungia njia. Ni sisi wenyewe Waafrika, Mwalimu akiwa msuluhishi. Wewe ulikuwa unapeleka mafuta Bujumbura, ukaegeshwa, ukakaa nyumbani miezi na lori halisogei. Ulisema mafuta hayakuisha Bujumbura hata siku moja. Yalipita kwa magendo, usiku, kwa madumu na mitumbwi, bei ikapaa, na walionenepa ni wakubwa wenye vibali na wenye bunduki. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999 na Buyoya alikuwa bado ikulu. Ila tuwe wa haki: miezi miwili tu tangu apindue, alilirudisha bunge na kuruhusu vyama, na mwaka 1998 watu wake walikaa mezani Arusha. Je, ni vikwazo vilivyomsukuma? Wewe ulisema ndiyo na hapana, nami mpaka leo sijapata jibu bora kuliko hilo.

Na tusijifanye hatuzijui njia za panya. Mwaka 2012 ilibainika kuwa meli 36 zenye uhusiano na Iran zilikuwa zinatembea na bendera ya Tanzania, zimesajiliwa kupitia wakala wa Zanzibar aliyekuwa Dubai. Wamarekani wakaja juu, serikali ikakana kwanza, kisha ikazifuta. Tangu 2022 mafuta ya Mrusi yamekuwa yakisafirishwa kwa meli kuukuu zenye bendera za Gabon, na hata za majirani zetu Wakomoro.

Sasa unataka kujua msimamo wangu. Kuna maneno ambayo hapa, tangu sheria ya Machi 2022, ukiyaandika unafungwa, kwa hiyo nisamehe nikipita pembeni. Sikubaliani na wale wa barazani wanaosema vikwazo ni uonevu mtupu wa wazungu. Jirani akiingia nyumba ya mwenzie kwa nguvu, huwezi kuendelea kumuuzia na kununua kwake kama vile hakuna lililotokea. Wala sikubaliani na wanaosema haviumi. Dola bilioni 300 hivi za akiba ya nchi hii zimefungiwa nje, nyingi ziko Ubelgiji. Oktoba 2024 riba ilifika asilimia 21; bosi wangu alitaka mkopo anunue jeki kubwa ya pili, akaona hesabu ya marejesho akafunga faili. Huko ndiko kuumia kwa nchi: polepole, kama kutu chini ya gari. Wenye mamlaka hawaioni kutu hiyo mpaka siku mguu unapopita kwenye sakafu.

Kinachoniudhi ni mpangilio wa maumivu. Walioitengeneza hii fimbo walisema inawalenga wakubwa na mitambo yao ya vita. Iliyofika kwanza, baada ya wiki mbili hivi, ilifika kwa mwanafunzi Mwafrika na mkate wake. Mkubwa alikuwa na miaka minane ya kujiandaa tangu Crimea. Kama kuna jambo moja ningewaomba hao wa Washington na Brussels, ni waache wazi kijidirisha cha pesa ndogo za familia, na wawaandikie mabenki waziwazi kwamba hilo ni halali. Vibali vya karatasi vya kusema chakula na dawa haviguswi vipo tele. Ila benki hazisomi vibali, zinasoma jina la nchi.

Huyu mdogo wangu anayetaka kuja Septemba: aje kama amepata nafasi ya serikali inayolipiwa ada. Kama ni kwa hela ya shamba la minazi, asije. Akija asitegemee kadi ya huko, aje na dola taslimu, noti mpya zisizo na mikunjo. Tiketi ipitie Addis Ababa au Dubai mpaka Moscow. Uwanja wa ndege wa hapa Voronezh umefungwa tangu Februari 2022, atamalizia kwa treni, na mimi nitamsubiri stesheni. Na yeyote atakayemwahidi kazi ya haraka yenye mshahara mnono na mkataba wa Kirusi asiousoma, asisaini.

Ya mwezi huu nimeshampa kijana wa Mwanza upande wangu tangu jana. Mzee wake amesema yuko shamba, mtandao hakuna, atatuma Alhamisi akishuka mjini. Mwambie mama asipande bodaboda kwenda kwa wakala kabla ya hapo, na jina litakalotokea kwenye meseji si langu.