Jibu: lineti za kuona rangi, usiuze simu kwanza

Mama, nimesoma. Uliona video ya ule baba wa Marekani anavaa lineti, anaangalia maua, analia, na sasa unataka kuuza simu ununulie kijana wako hapa Goma juu hatofautishi nyekundu na kijani. Ngoja kwanza. Watu wenye walizivaa na hawakuona tofauti hawawekwe mu matangazo, na hata ule mwenye analia, familia yote inamuzunguka na simu, muziki unapiga, banamuangalia tu kama atalia, nani atashindwa kulia pale?

Zile lineti zinachuja sehemu ya mwanga penye nyekundu na kijani zinachanganyikana. Kwa wengine inasaidia kidogo, haiponyeshe, ukiitosha unarudi palepale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, walizipima 2018, wakaona hazikuletee rangi mupya.

Peleka kijana kwa dokta wa macho amupime na picha za Ishihara, zile za namba mu vidoti. Na kama zamani alikuwa anaona rangi muzuri, ao shida iko kwa jicho moja tu, enda mbio, hiyo si ya kuzaliwa. Mwalimu naye aache chaki nyekundu.

Ukizitaka bado, tafuta muuzaji mwenye anarudishaka pesa, na kijana asizivae usiku kwa piki.