Maswali ya wasomaji: QT, mashine na jeni

*Mimi ni muuguzi katika kituo cha majaribio ya dawa. Mashine ya ECG ilimwandikia mshiriki QTc ya 465. Mtafiti akapima karatasi ileile kwa mkono, akaandika 427. Nani kakosea, Daktari?*

Huenda hakuna aliyekosea. Kwenye ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, QT huanzia pale QRS (miiba mirefu ya pigo) inapoanza hadi wimbi T (kilima kinachoifuata) linapoishia. Ni muda ambao vyumba vya chini vya moyo husisimka kwa umeme kisha hurudi kwenye utulivu. Moyo ukienda mbio muda huo hufupika wenyewe, ndiyo maana hurekebishwa uwe kana kwamba moyo unapiga mara 60 kwa dakika. Herufi c ndiyo marekebisho hayo. Mwaka 1920 zilitolewa kanuni mbili ambazo bado zinatumika: Bazett hugawanya QT kwa kipeuo cha pili cha RR (muda kati ya pigo moja na linalofuata), Fridericia kwa kipeuo cha tatu. RR huandikwa kwa sekunde.

Chukua QT ya milisekunde 360 na mapigo 100 kwa dakika. RR ni sekunde 0.6. Kipeuo chake cha pili ni 0.775, kwa hiyo Bazett inatoa 465. Kipeuo cha tatu ni 0.843, na Fridericia inatoa 427. Namba zako hizo hapo! Bazett hukuza QTc mapigo yakiwa ya kasi na huipunguza yakiwa ya taratibu, na bado mashine nyingi hutumia hiyo. Kwenye utafiti wa dawa tunashauri Fridericia, na tunasisitiza kanuni iwe moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ukichanganya, dawa italaumiwa kwa kosa la hesabu.

Kupima kwa mkono nako kuna mitego yake. Mshiriki alale chali dakika 10 kabla ya kurekodi, bila mazungumzo. Tumia lidi (mstari wa ECG) iitwayo II au V5. Karatasi ikitembea milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo mmoja ni milisekunde 40, hivyo ukikosea nusu ya mraba tu umeongeza au kupunguza 20. Kinachosumbua zaidi ni mwisho wa wimbi T. Chora mstari mnyoofu ukifuata mteremko mkali zaidi wa T, na pale unapokata mstari wa msingi ndipo T inapoishia. Wimbi dogo la U linalofuata lisihesabiwe. Pima mapigo matatu mfululizo utafute wastani. Kwa mwenye atrio (vyumba vya juu vya moyo) inayotetema ovyo, pima mapigo 10. QRS ikiwa pana, QT hurefuka kwa sababu hiyo pekee, kwa hiyo usiisome kama ya moyo wa kawaida.

QTc ikifika milisekunde 500, au ikiongezeka kwa 60 kutoka ile ya kabla ya dawa, mwite daktari papo hapo, hata kama mshiriki anasema hajisikii vibaya, kwa kuwa QT ndefu mno inaweza kuleta mapigo ya hatari.

*Nimejiunga na utafiti wa dawa mpya ya mzio. Siku moja nitapewa antibiotiki ingawa siumwi. Na kwa nini dawa ya mzio ichunguzwe kwenye moyo?*

Antibiotiki hiyo bila shaka ni moksifloksasini ya miligramu 400. Inajulikana kurefusha QT kidogo, kama milisekunde 10 hivi. Watafiti wasipoiona athari hiyo iliyo wazi, hatuna sababu ya kuwaamini wanaposema dawa yao mpya haina athari. Mwongozo wa kimataifa wa kupima athari za dawa kwenye QT, uitwao E14, wa mwaka 2005, unashughulika na ongezeko la wastani dogo kama milisekunde 5.

Kuhusu moyo: terfenadini ilikuwa dawa ya mzio. Kwa kawaida kimeng'enya CYP3A4 huibadilisha karibu yote kabla haijaenea mwilini. Mtu akiinywa pamoja na ketokonazoli, dawa ya fangasi, kimeng'enya huzuiwa, terfenadini hujaa kwenye damu na kuziba njia ya potasiamu inayousaidia moyo kutulia baada ya kila pigo, na QT hurefuka. Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998. Hivyo uwaambie watafiti kila dawa unayotumia, kama uliwahi kuzirai, kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kijana, na kama umeharisha au kutapika wiki hiyo, maana potasiamu ikishuka QT hurefuka.

*Kipimo cha jeni kilionyesha CYP2D6 yangu ni \*1/\*1, "kawaida". Mbona daktari hataki kuniandikia thioridazini?*

CYP2D6 ni kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa; nyota na namba hutaja toleo la jeni lake, na \*1 ndilo la kawaida. Kwanza, \*1 mara nyingi haina maana kwamba jeni lako limesomwa lote. Maabara hutafuta mabadiliko kadhaa yaliyoorodheshwa, na yasipopatikana huandika \*1. Mfano mzuri ni \*17, inayopunguza nguvu ya kimeng'enya na ambayo ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika: isipokuwemo kwenye orodha, mwenye nayo ataitwa kawaida. Omba orodha ya mabadiliko yaliyotafutwa, na uulize kama idadi ya nakala za jeni ilihesabiwa.

Pili, hata jeni likiwa zuri, kimeng'enya chake kinaweza kuzuiwa na dawa. Fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, huzuia CYP2D6 hata ukawa sawa na mtu aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho, na athari ya fluoksetini huendelea kwa wiki kadhaa baada ya kuiacha. Thioridazini, dawa ya magonjwa ya akili inayorefusha QT, ni marufuku kwa watu wa namna hiyo. CYP2C19, kimeng'enya kingine cha kuvunja dawa, nacho ni vivyo hivyo: kwa ambaye chake hakifanyi kazi, au anayetumia omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo), sitalopramu (dawa ya sonona) isizidi miligramu 20 kwa siku.

*Nilipandikizwa uboho. Nitoe damu au mate kwa kipimo cha jeni?*

Vyote viwili vinaweza kuonyesha jeni za aliyekutolea uboho, kwani mate pia yana seli nyeupe za damu. Ini lako, linalovunja dawa, bado ni lako. Iambie maabara kabla ya kutoa sampuli; kama wana sampuli ya kabla ya upandikizaji, hiyo ndiyo itumike. Aliyepandikizwa ini mambo yamegeuka: damu itaonyesha jeni zake, ilhali dawa inavunjwa na ini la mwingine.