Mhina na mshubiri: yote hustahimili jua, ila kila mmoja kwa njia yake

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Kwetu ukichomeka kijiti masika, hujakaa sana kimeshatoa kivuli. Nilipoolewa nikaja Jambiani, Unguja, nikakuta uwani mawe ni mengi kuliko udongo. Huku ardhi ya namna hii inaitwa maweni: chini ni jiwe la matumbawe tupu, na udongo umejificha kwenye vishimo, pengine kina cha kiganja tu. Jembe halifui dafu. Unachimba kwa mtarimbo. Maji ya kisima nayo yana chumvi chumvi, na kaskazi ikishika Januari na Februari, kila kijani kinanyauka.

Nilitaka mimea miwili, mhina unaotoa hina, na mshubiri, ambao wengine huuita alovera. Kila niliyemuuliza aliniambia hiyo ni mimea ya jua, haina shida. Ni kweli, lakini hakuna aliyeniambia kuwa haifanani, nami nikaitunza kama pacha.

Nilianza na mshubiri. Nilipata watoto watano kwa jirani, nikawapanda chini ya mchirizi wa bati ili wasikose maji, na kila jioni nikawamwagia kata moja moja. Majani yakanenepa, nikafurahi. Masika yalipokolea, asubuhi moja nilishika jani lililokauka nilitoe, mshubiri mzima ukanijia mkononi. Mizizi haukuwa nayo tena. Pale chini palikuwa na rangi ya kahawia, panateleza, pananuka kama muhogo uliooza. Mavyaa akautazama, akasema, "Mwanangu, huu umeuzamisha. Maji yake unayo mwenyewe tumboni."

Na ndivyo ulivyo. Jani la mshubiri ni mtungi. Mchana wa jua kali mmea huu unafumba vitundu vyake vya kuvutia hewa, unavifumbua usiku kukiwa na ubaridi, ndiyo maana haupotezi maji ovyo. Mizizi yake ni mifupi, iko juu juu. Ikikaa kwenye tope siku nyingi, inaoza.

Somo hilo nikalipeleka pasipo pake. Nilikata vipando kumi vya mhina, nikavipanga kando ya ua masika yakiisha, nikaviacha. Si mti wa jua? Kipupwe hakijamalizika, nilikwangua ganda kwa ukucha nikitafuta ukijani, nikakuta ukavu. Vilikufa tisa. Kilichopona ni kile kilichokuwa karibu na pale tunapokoshea vyombo, maji yakipita chini yake kila siku. Hicho ndicho kilichonifungua macho.

Mhina haubebi akiba kwenye majani. Nguvu yake ni mizizi inayojipenyeza katikati ya mawe kufuata unyevu. Sasa kipando mizizi kimeitoa wapi? Kabla hakijashuka chini hakina tofauti na mchicha, kinataka maji. Ukishazeeka hapo, uache. Kiangazi kirefu utapukutisha majani, usiogope wala usiung'oe. Mvua za vuli zikianza unachipua upya.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Vipando vya mhina navikata unene wa penseli, urefu wa shibiri moja hivi, kwenye tawi lililokomaa kidogo. Navipanda masika yanapoanza, Machi, ili mvua inisaidie kazi. Shimo nalichimba kwa mtarimbo mpaka nipate ufa kwenye jiwe, najaza udongo na samadi iliyooza, juu natandika makumbi ya nazi kuzuia ukavu. Kuku wanapenda sana kuparua hapo, basi nazungushia miba. Mvua zikikatika namwagilia kila baada ya siku mbili, nikiendelea hivyo mwaka wa kwanza wote. Pahala pawe pa jua la kutwa. Mhina wa kivulini unarefuka tu.

Mshubiri mambo yake ni mepesi. Mtoto ukishamtenga na mama, muweke kivulini siku tatu kidonda kikauke, halafu mpande kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo. Usimwagilie wiki nzima. Baada ya hapo, kiangazi namwagilia mara moja kwa wiki, masika sigusi kabisa. Ukiona majani yamekuwa mekundu mekundu, jua limemzidi, msogeze, hajafa.

Katika matumizi, mhina ndio unaonipa furaha zaidi. Majani ninayoyachuma jua likiwa kali ndiyo yenye rangi. Nayaanika kwenye ungo ndani ya nyumba, kamwe si juani, kwani jua linaunguza ukijani na rangi inapotea. Yakivunjika mkononi nayatwanga kwenye kinu, nachekecha kwa kitambaa chepesi, nakanda na maji ya ndimu, nafunika saa kadhaa mpaka juu paingie wekundu wa kutu. Hapo nabandika tone kiganjani, nalibandua baada ya dakika chache. Likiacha alama ya rangi ya chungwa, hina iko tayari. Ukishabandua hina yenyewe usifadhaike kuiona rangi imepauka. Inakolea siku ya pili yake. Ndiyo maana bi harusi hapakwi siku ileile ya harusi.

Hili nalisema kwa uchungu: hina haiwi nyeusi ti. Hiyo nyeusi ni piko, dawa ya kutia nywele rangi. Binti wa wifi yangu alichorwa hiyo akaota malengelenge mkono mzima, na alama bado anayo. Hata hina safi, watoto wachanga msiwapake. Wapo waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja katika damu (G6PD) ambao hina inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu, na kwa kumtazama tu huwezi kumjua.

Mshubiri kwangu ni wa ngozi. Nikiungua kidogo jikoni, kwanza napoesha kwa maji, kisha nakata jani la nje kabisa, lile la chini, nalisimamisha kwenye bakuli robo saa litoe utomvu wa manjano. Huo utomvu ndio shubiri yenyewe, ule uchungu wanaopaka kinamama wakiachisha mtoto ziwa. Unawasha ngozi na unaharisha, kwa hiyo nauosha wote, natumia ule ute mweupe tu. Kuunywa siunywi, na mjamzito asiuguse kwa kunywa.

Mwenye kiwanja na subira ya mwaka mmoja apande mhina. Atapata ua wa kuzungushia nyumba, wenye miba ukizeeka, na usiku maua yake madogo yananukia mpaka chumbani. Asiye na ardhi achukue mshubiri. Dada yangu anakaa ghorofani Michenzani, mjini Unguja, wake ameuweka kwenye kopo la rangi alilolitoboa chini kwa msumari, matundu sita, na bado unazaa. Wiki iliyopita kaniletea watoto wawili kwenye mfuko. Wako dirishani wanakauka vidonda, nitawapanda Jumamosi.